Nani Amembikia Nzigire

Mzee Mukengere alizikwa mvua ikinyesha, na binti yake wa pekee hakuwepo. Hilo la binti ndilo watu wa mtaa wa nyuma ya soko la Kamembe, upande wa Rwanda, walilobaki nalo. Hawakuzungumza juu ya mahubiri, wala wimbo wa kwaya, wala kaburi lililojaa maji mpaka vijana wakayachota kwa ndoo kabla ya kuteremsha sanduku. Walimzungumzia binti, Nzigire. Maiti ilimngoja, wakasema, ilimngoja mpaka wenye chumba cha maiti wakauliza kama huyu mzee ana watu au hana, na yeye hata kivuli chake hakikuonekana. Kaolewa huko Nyabibwe, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo, kashiba, kamsahau aliyemlea.

Gaudiose, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, aliyekuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na marehemu, alisema zaidi ya wote. Mama huyu alimpelekea mzee uji siku zote za ugonjwa wake, kwa hiyo alijiona ana haki ya kusema, na kusema kweli alikuwa nayo. Alisema mtoto wa namna hiyo akija, yeye hatamfungulia mlango wala kumpa maji ya kunawa.

Gracia alikuwa pale makaburini, nyuma ya watu, viatu vimejaa tope.  Maneno yale yalimchoma kuliko walivyodhani waliokuwa wanayasema, kwa sababu ni yeye aliyemwandikisha Mzee Mukengere kwenye chama, na alikumbuka vizuri mzee alichokitaka.

Chama chenyewe kinaitwa Tusindikizane. Ni chama cha kuzikana. Ndani yake wamo wavushaji bidhaa wanaopita daraja la mpakani kila siku, wavuvi wa Nkombo, wakulima wa Giheke, na watu kama Mukengere, Mushi kwa kabila, mtu wa Kabare huko Congo, aliyekuja Kamembe zamani na kukaa akitengeneza miavuli na zipu za mabegi kwenye kibaraza cha duka la wengine. Mwenyekiti wake ni Papa Damascène, Mnyarwanda aliyekulia Congo na kurudi akiwa na wajukuu tayari, mtu wa kofia na koti hata jua liwe kali namna gani. Zamani msiba ukitokea, Damascène alitoka mwenyewe. Alikwenda kwa miguu, kwa pikipiki, au kwa mtumbwi, mpaka kwa ndugu wa marehemu, akasimama mlangoni na kuwaambia. Kazi hiyo kwa Kinyarwanda inaitwa kubika, na watu wa hapa hata wakisema Kiswahili husema hivyo hivyo, kwa kuwa ndilo neno walilolizoea. Kumbikia mtu ni kumfikishia habari ya kifo. Hafanyi kila mtu. Kabla mwenye kubika hajafika, anayejua hufunga mdomo, hata kama amekutana na mfiwa njiani na amemsalimia.

Lakini Damascène alizeeka, magoti yakaanza kumgomea, na wanachama wakatawanyika pande mbili za mpaka. Ndipo chama kikamwendea Gracia.

Gracia na mwenzake Gad walikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vitenge, meza mbili na dirisha linalotazama ziwa. Walitengeneza programu za simu. Watu waliwaona ni mabingwa wanaobuni vitu kutoka hewani, na wao hawakujisumbua kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba walikuwa na kiolezo. Kiolezo ni programu iliyokwisha kuanzwa na watu wengine, huko mbali, ikawekwa wazi achukue anayetaka. Kina mlango wa kuingilia, kina ukurasa wa kila mtu na picha yake, kina mahali pa kutuma ujumbe, na ukikijenga mara moja kinatembea kwenye simu za kila aina na kwenye kompyuta pia. Wewe unabadili rangi, unaweka jina la mteja, unaongeza yale machache yanayomhusu. Ni kama fundi cherehani anayekata gauni kwa karatasi ya kukatia aliyopewa na mwingine: mshono ni wake, kimo si chake. Hakuna aibu ndani yake. Bila kiolezo, chama cha maskini hakipati programu kabisa.

Na hiki walichokipenda kilikuwa na jambo moja zuri kupita yote: kilikuja na lugha zake tayari. Unachagua Kifaransa, Kiswahili au Kinyarwanda, na maneno yote ya vitufe yanageuka yenyewe. Gracia alikulia Bukavu. Wazazi wake walimrudisha Rwanda akiwa msichana mkubwa, na mpaka leo anahesabu kwa Kiswahili na kufanya kazi kwa Kifaransa. Kinyarwanda anakijua, cha nyumbani na cha ofisini, lakini hakijamkaa masikioni. Programu ya Tusindikizane aliijaribu yote kwa Kifaransa. Kisha akaigeuza Kinyarwanda, akapitisha macho, akaona maneno ni sahihi, akaikabidhi. Damascène alishukuru sana na kumwombea baraka.

Siku ya kuandikisha wanachama, Mzee Mukengere alikuja na Nzigire, aliyekuwa amevuka kumwona kama alivyofanya kila Jumamosi ya pili. Gracia aliwapiga picha wote wawili. Mzee hakuwa na simu na hakuitaka. Alipoulizwa kuhusu mchango wa sanduku, na idadi ya watu watakaopikiwa, alipunga mkono.

"Weye andika tu namba ya mutoto," alisema. "Siku nikikufa, aambiwe. Ile ingine munaweza fanya munavyotaka."

Gracia aliandika namba, ile ya Congo, akaisoma kwa sauti mara mbili, na Nzigire akaitikia. Akamwambia mzee asiwe na wasiwasi.

Sasa mzee alikuwa chini ya udongo na mtoto hajaonekana. Gracia alijiambia kuna ugonjwa, au safari, au mume mkorofi. Sababu hazikosekani kwa anayezitafuta.

Siku iliyofuata mazishi, Papa Damascène alipanda ngazi za pale juu ya duka la vitenge, polepole, akipumzika katikati. Alikaa, akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Alikuwa ametumwa na kamati. Kamati ilikuwa imeamua jina na namba ya Nzigire viondolewe kwenye chama, na kwamba akija hakuna atakayekaa naye msibani, kwa maana msiba umeisha. Hakuyasema kwa furaha. Alisema amekuwa mwenye kubika miaka mingi na hajawahi kuona mtu akiambiwa kifo cha baba yake na kunyamaza.

Gracia alimuuliza kama alimpigia simu. Damascène alimtazama kama aliyeulizwa jambo lisilo na adabu. Gaudiose pia alimwambia apige, akasema, na alimkatalia. Mtu umekwisha kumbikia, halafu unampigia kumuuliza kama amesikia? Huko ni kumpiga jiwe mara mbili.

"Nilimubikia siku ile ile," akasema. "Hata maiti ilikuwa haiyatoka ku kitanda."

Gracia akafungua kompyuta ili amwondoe Nzigire kama alivyoombwa. Alifungua ukurasa wa Mzee Mukengere. Tarehe ya kifo ilikuwa imeandikwa, vizuri kabisa. Akatazama mahali panapoonyesha ujumbe uliotumwa, na hapakuwa na kitu. Akatazama tena. Tangu programu ianze kutumika, kwa familia ya Mukengere haukuwa umekwenda ujumbe hata mmoja.

 Kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, alimwomba mzee amwonyeshe jinsi alivyofanya siku ile. Damascène akatoa simu, akavaa miwani, akaifungua programu bila kubabaika, kwa kuwa alijifunza kwa bidii. Gracia akamwambia amfungue mwanachama yeyote, amfungue hata yeye Gracia, naye ni mwanachama. Damascène akaupata ukurasa wake. Picha ya Gracia ikatokea, anacheka, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani. Gracia akamwambia: endelea, bonyeza. Mzee akaurudisha mkono wake kifuani kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Nikubike weye? Muzima hivi?" akasema. "Hapana, mutoto wangu. Ile si muchezo."

Gracia akakitazama kile kitufe. Kilikuwa na neno moja, Bika.

Alilisoma neno lile kwa masikio yake mwenyewe na halikumwambia kitu zaidi ya lile alilolijua: hifadhi, weka, tunza. Ndilo neno la Kinyarwanda la kuweka kitu akiba, na mtu aliyetafsiri kile kiolezo, popote alipo, hakukosea. Kisha akalisoma kwa masikio ya Damascène. Kwa sababu kubika ni kuhifadhi, na kubika ni kutangaza kifo, na ukiyaandika maneno hayo mawili yanafanana herufi kwa herufi. Kwenye programu ya duka au ya shule hakuna atakayejikwaa. Kwenye programu ya kuzikana, chini ya picha ya mtu, mbele ya macho ya mwenye kubika, neno lile lina maana moja tu.

Mzee, ili asionekane mkaidi, alirudi kwenye ukurasa wa Mukengere na kubonyeza pale. Simu ikajibu kwa maandishi ya kijani: Byabitswe. Yamehifadhiwa. Au, kwa aliyekuwa akilia huku ameishika, yametangazwa.

"Unaona?" akasema Damascène. "Hata ile siku ilinijibu hivi. Nikafuta machozi, nikaenda kutafuta sanduku."

Kitufe chenyewe cha kutuma tangazo kilikuwa juu pembeni, kimefichwa ndani ya vistari vitatu, mahali ambapo kiolezo kiliweka mambo yote yasiyotumiwa kila siku. Gracia ndiye aliyekiacha pale. Alikumbuka hata siku aliyokiacha, alikuwa na haraka ya kwenda harusini.

Hakumwambia mzee. Nasema wazi kwamba alitaka kumwambia na ulimi ukamgomea. Alimtazama akivaa kofia yake, akiamini amefanya kazi yake mpaka mwisho, akamsindikiza mpaka chini ya ngazi, na kumwahidi kwamba la Nzigire atalishughulikia. Kwa hilo hakusema uongo.

Gad alipoelezwa akawa mtu wa kutafuta njia, ndiyo tabia yake. Si mtu mbaya. Alisema neno la kitufe wabadilishe mara moja, na hilo Gracia alikubali, wakalibadilisha wakiwa wamekaa pale pale. Kisha akasema ujumbe utumwe sasa.

"Tutume tu," alisema. "Atafikiri ilichelewa ku rezo ya kule. Kila muntu anajua rezo ya kule. Papa Damascène atabaki na heshima yake, na siye tutabaki na kazi."

Ilikuwa njia rahisi, na ubaya wake ni kwamba ingefaa. Nani angeuliza? Mtandao wa Nyabibwe husingiziwa kila kitu, na mara nyingi ni kweli. Gracia aliweka kidole kwenye kile kitufe cha kutuma, cha kweli safari hii. Akamfikiria Nzigire akiusoma ujumbe sokoni, kati ya magunia ya maharage. Akamfikiria akivuka mbio na kukuta milango imefungwa, Gaudiose amempa mgongo, na yeye mwenyewe akiamini kwamba habari ilitumwa kwa wakati na ni bahati yake mbaya iliyoizuia. Angebaki na aibu isiyo yake mpaka anazeeka. Gracia akaondoa kidole. Alimwambia Gad kwamba kesho ni Jumamosi ya Nzigire kuvuka, na kwamba atakwenda kumngoja darajani. Gad alimuuliza kama anajua anachokifanya. Alisema hajui.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Watu walivuka kwa wingi kutoka upande wa Bukavu, wanawake wenye mabeseni vichwani, vitambulisho mkononi, wakipiga hodi kwa mzaha kwa askari waliowazoea. Gracia alisimama karibu na kizuizi, amevaa kitenge cha heshima alichokuwa amekiazima kwa mama yake. Aliogopa kutomtambua. Lakini alimtambua kutoka mbali. Alikuwa na paji la uso la baba yake, na alitembea haraka, beseni la unga wa muhogo kichwani, na juu ya unga kifurushi cha tumbaku kimefungwa kwa jani la mgomba. Tumbaku ile ilimmaliza Gracia. Ilikuwa ya mzee.

Nzigire alimkumbuka pia, msichana wa kupiga picha, akamsalimia kwa uchangamfu, akamuuliza kama naye anavuka. Gracia akamwomba ateremshe beseni. Nzigire hakuteremsha. Ule uchangamfu ukamtoka usoni kidogo kidogo.

"Maman Nzigire," Gracia akasema, "Papa yako alituacha."

"Alituacha, ao alikufa? Sema neno."

"Alikufa, Maman. Na balishamuzika."

Wanawake waliokuwa wanapita walipunguza mwendo, kisha wakaona adabu, wakaendelea. Nzigire aliteremsha beseni mwenyewe, akaliweka chini taratibu bila kumwaga hata punje ya unga. Hakulia. Aliuliza siku, akaambiwa. Akauliza nani alitupa udongo wa kwanza, ule wa mtoto, na Gracia akasema ni Papa Damascène. Akauliza kwa nini hakuambiwa, na hapo ndipo Gracia alipolazimika kueleza. Maneno yaliyomjia kwa Kifaransa na kwa lugha ya kazi yake yalionekana ya kipuuzi pale darajani, akayaacha. Alisema tu kwamba ile programu ya simu ni kazi yake, kwamba aliweka neno baya mahali pabaya, kwamba Papa Damascène alidhani amebika kumbe simu iliweka tu. Kisha akasema na lile gumu zaidi. Alisema mtaa mzima unaamini kwamba Nzigire aliambiwa na akakataa kuja.

Nzigire alimsikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, sauti yake ilikuwa kavu.

"Weye umeniambia, na asante. Lakini weye si mwenye kubika. Papa alikuwa na chama, na chama iko na muntu wake. Aje anibikie. Mbele ya bale batu."

Gracia akamweleza kwamba Damascène ni mzee, kwamba jambo hili litamvunja, kwamba labda waende wote wawili nyumbani kwake na kuliongea ndani. Nzigire alikuwa amekwisha kubeba beseni lake.

Hakwenda kwenye chumba cha baba yake. Hakwenda makaburini. Alipanda mpaka Kamembe kwa miguu, akakataa pikipiki, na Gracia akimfuata nyuma. Alipofika kwenye ofisi ya Tusindikizane, ile ya mlango wa bati pembeni mwa soko, alikaa kwenye ngazi, beseni magotini, mgongo umenyooka. Alikaa hivyo kama mtu anayengoja duka lifunguliwe. Mtu ambaye hajabikiwa halii, na Nzigire hakutoa hata chozi.

Habari haikuhitaji simu. Watu walijaa. Gaudiose alifika na mikono yenye magamba ya samaki, akasimama mbele kabisa, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine hukumbuka baba siku ya kugawana vyombo. Nzigire hakugeuka. Gracia aliona shingo yake ikikaza, na aliona kwamba mwanamke huyu angekaa pale mpaka jioni na mpaka kesho, akitukanwa, kuliko kuinuka.

Papa Damascène alipofika watu walimpisha. Alikuwa amevaa koti lake, na hasira aliyokuja nayo ilikuwa ya haki kwa kadiri alivyojua. Alimwambia Nzigire kwamba alichelewa, kwamba baba yake alimtafuta kwa macho mpaka mwisho. Akasema yeye Damascène hakumkosea.

"Nilikubikia ile siku," alisema. "Sikulala bila kukubikia."

"Ulinibikia na mudomo gani, Papa?" akauliza Nzigire.

 Mzee akatoa simu mfukoni na kuinyoosha, kama anayeonyesha shahidi. Hapo Gracia akapita mbele.  Alisema mbele ya wote kwamba ujumbe haukutoka. Alisema kitufe kilichoandikwa Bika hakikubika, kiliweka tu, na kwamba aliyekiacha hivyo ni yeye, akiwa na haraka, bila kuuliza mtu anayekijua Kinyarwanda kuliko yeye. Maman Nzigire hakukataa kuja. Hakuambiwa. Na Papa Damascène hakukosea, alisoma kilichoandikwa.

Alingoja wamzomee. Hawakumzomea. Walikuwa wanamtazama Damascène.

Mzee alikuwa bado ameishika simu mkono umenyooka. Aliitazama muda mrefu. Uso wake ulifanya kitu ambacho Gracia angependa asikione tena kwa mtu mzima, ulilegea wote kwa mara moja, akawa mzee kuliko alivyokuwa dakika ile iliyopita. Mtu akanong'ona kwamba apewe kiti. Hakukitaka kiti. Alimkabidhi Gracia ile simu bila kumtazama, akageuka, akatembea kurudi alikotoka, watu wakimpisha tena, na wengi walidhani anakwenda nyumbani kujificha. Gracia naye alidhani hivyo.

Damascène alikwenda mpaka barabarani. Pale akasimama, akafunga vifungo vya koti, akavua kofia. Kisha akarudi. Alirudi kwa mwendo mwingine, polepole na moja kwa moja, mwendo wa mtu anayetoka mbali na habari, na wale waliokuwa na umri wa kuukumbuka waliutambua, wakaanza kunyamazisha wengine. Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia akasimama. Gaudiose alijifuta mikono kwenye kitenge.

Alisimama mbele ya ngazi, kofia kifuani.

"Nzigire, binti ya Mukengere," akasema. "Batu ba Tusindikizane banituma kwako. Papa yako alikufa."

Nzigire alimtazama kutoka pale chini, midomo imebana.

"Alikufa lini?"

Kila mtu pale aliijua siku. Waliokuwa makaburini waliijua, na programu ya Gracia ilikuwa nayo, imeandikwa vizuri, bila kosa. Papa Damascène alichelewa kujibu, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Leo, mutoto wangu," akasema. "Kwetu siye bote, alikufa leo."

Ndipo Nzigire akalisukuma beseni kando, unga ukamwagika juu ya ngazi, akaweka mikono yote miwili kichwani na kulia. Gaudiose alikuwa wa kwanza kukaa chini pamoja naye, kwenye udongo.